Mkunga: kutoka mabwawa ya Warumi hadi tangi la sebuleni

Mvuvi wa pwani yetu akimkuta mkunga ndani ya dema, hamshiki ovyo. Meno yake ni makali, na nyuma ya koo ana taya la pili linalochomoza kuvuta windo ndani, jambo ambalo wanasayansi walilieleza mwaka 2007. Hata hivyo, binadamu amemfuga samaki huyu kwa zaidi ya miaka 2,000.

Walioanza kujulikana kwa kazi hiyo ni matajiri wa Kirumi. Kandokando ya ghuba ya Naples walichimba mabwawa na mifereji ya kuingiza maji ya bahari. Mwandishi wa Kirumi Plinius anaandika kwamba Gaius Hirrius alimkopesha Julius Caesar mikunga 6,000 kwa karamu zake za ushindi. Anaongeza kuwa Hortensius, wakili mashuhuri, alimlilia mkunga wake aliyekufa, naye Antonia, mke wa Drusus, alimvisha wake hereni.

Lakini mapenzi hayo yalikuwa na upande wa kutisha. Vedius Pollio, tajiri wa Kirumi aliyefariki mwaka 15 K.K., aliwatupia mikunga wake watumwa waliomkosea. Siku moja, mbele ya Kaisari Augustus, mtumwa alivunja chombo cha kioo, na Vedius akaamuru atupwe bwawani. Mwanafalsafa Seneca anasimulia kwamba Augustus alimwokoa mtumwa huyo, akaamuru vyombo vyote vya kioo vivunjwe na bwawa lifukiwe.

Ufugaji wenyewe ulikuwa na maarifa yake. Katika karne ya kwanza B.K., Columella, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya kilimo, alishauri mikunga watengwe na samaki wengine kwa sababu huwashambulia, na bwawa liwe na mapango ya kujifichia.

Kumleta mkunga mbali na bahari kulihitaji kioo. Mwaka 1832 Jeanne Villepreux-Power alitumia matangi ya kioo kuchunguza viumbe wa bahari huko Sicily. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa umma. Baadaye zikaja pampu za umeme, vichujio na chumvi ya bahari ya kutengenezwa, na mtu anayeishi mbali na pwani akaweza kuwa na maji ya bahari sebuleni.

Lakini mkunga amebaki yuleyule. Mkunga mkubwa wa Bahari ya Hindi na Pasifiki hufikia mita 3. Hula nyama na kuchafua maji upesi, humeza samaki wadogo anaoishi nao, na mfuniko ukiachwa wazi hutoroka na kufia sakafuni. Bado anahitaji pango na maji safi, kama Columella alivyojua.

Anayetaka kumfuga, basi, aanze kwa kuuliza atakuwa na ukubwa gani akikomaa. Kama hana tangi la kumtosha mkunga mzima, asimnunue akiwa mdogo. Amwache baharini.