Mshamba Mbele ya Treni: Uhakiki wa Kisasili cha Hadhira ya Kwanza ya Sinema

Utangulizi

Kila sanaa ina kisasili cha chimbuko lake, na sinema nayo haikukosa chake. Husimuliwa kwamba mwishoni mwa mwaka 1895, ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, walipoonyesha mjini Paris filamu fupi ya treni inayoingia stesheni, watazamaji walidhani kuwa treni ile ingelipasua pazia na kuwaponda. Wakapiga mayowe, wakaviacha viti vyao na kutimua mbio kuelekea mlangoni. Kisa hiki kimerudiwa katika vitabu, mihadhara na magazeti kwa miongo mingi, na mara nyingi kimerudiwa pasipo ushahidi wowote.

Makala haya yanakusudia kukichunguza kisa hicho jinsi mhakiki wa fasihi anavyochunguza masimulizi mengine yoyote: ni nani anayesimulia, anasimulia habari za nani, na masimulizi yenyewe yanatenda kazi gani katika jamii inayoyahifadhi. Hoja inayojengwa ni kwamba mtazamaji anayekimbia ni mhusika zaidi ya kuwa mtu wa historia. Kwamba mhusika huyo alishamiri katika ucheshi. Na kwamba alipoondolewa katika ucheshi akaingizwa katika sera za kikoloni, athari zake zilifika hadi Afrika ya Mashariki.

Treni na Watazamaji Wake

Yapo mambo ambayo hayana ubishi. Tarehe 28 Desemba 1895, katika chumba cha chini cha mkahawa wa Grand Café mjini Paris, akina Lumière waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio cha faranga moja filamu kumi, kila moja ikichukua takriban sekunde hamsini. Walioingia kwa kulipa siku hiyo walikuwa 33. Miongoni mwa filamu hizo ilikuwamo ile ya wafanyakazi wakitoka katika kiwanda cha Lumière mjini Lyon, na ile ya mtunza bustani anayerushiwa maji usoni na kijana mtundu. Filamu ya treni ikiingia katika stesheni ya La Ciotat haikuwamo. Iliingia katika maonyesho mwezi uliofuata, Januari 1896. Na kwa mujibu wa uchunguzi wa Martin Loiperdinger, nakala inayojulikana sana leo ilipigwa baadaye, mwaka 1897. Mtaalamu huyo hakupata katika magazeti wala katika kumbukumbu za polisi za wakati ule taarifa yoyote ya hadhira ya Paris kutimua mbio.

Filamu yenyewe, ikitazamwa kwa makini, haiungi mkono kisa hicho. Treni haiji moja kwa moja kumkabili mtazamaji. Inakuja kimshazari, inapita upande wa kushoto wa picha na kusimama. Sehemu kubwa ya muda uliobaki ni ya abiria: wanaoshuka, wanaopanda, wanaotafuta mabehewa yao. Miongoni mwa watu waliomo jukwaani ni jamaa za Lumière wenyewe. Aidha, picha haikuwa na rangi wala sauti ya injini. Mtazamaji wa mji mkubwa wa Ulaya, aliyekwisha kusafiri kwa treni na aliyezoea maonyesho ya picha za taa, alihitaji sababu nzito kuliko hiyo ili aviruke viti.

Hii haina maana kwamba hakuna aliyeshtuka. Stephen Bottomore, aliyezikusanya taarifa za miaka ile na kuzilinganisha mwaka 1999, ameonyesha kuwa wapo watazamaji waliogutuka au kurudi nyuma kidogo. Lakini kugutuka ni jambo moja na kuamini ni jambo jingine. Mwandishi wa Kirusi Maxim Gorky, aliyeitazama filamu ya treni katika maonyesho ya Nizhny Novgorod mwaka 1896, aliandika gazetini kwa namna inayomfanya msomaji aione treni ikimjia kwa nguvu zake zote; kisha mara hiyo hiyo akakumbusha kwamba ile ni treni ya vivuli tu. Katika maelezo hayo hofu na utambuzi vinakaa pamoja. Mwandishi anajua kuwa hakuna hatari, na ujuzi huo ndio unaomruhusu aionje ladha ya hatari.

Tom Gunning, katika maandishi yake ya mwaka 1989, aliueleza mkabala huu kuwa ni wa mshangao wala si wa upumbavu. Georges Méliès, mwenye ukumbi wa kiinimacho mjini Paris ambaye baadaye alitunga mamia ya filamu za maajabu, alisimulia jinsi yeye mwenyewe alivyoshangaa. Kwanza ilionyeshwa picha tuli ya barabara, naye akanung'unika kwamba picha za aina hiyo alikuwa akizionyesha kwa miaka mingi. Ghafla farasi akaanza kwenda. Kilichomshangaza si kwamba alimdhania farasi yule kuwa yu hai, bali ni ufundi wa kulifanya lisilo na uhai litembee. Ndivyo ilivyo kwa kiinimacho: anayekitazama hufurahi kwa sababu anajua kwamba amechezewa, ila hajui amechezewa vipi.

Watengenezaji wa filamu waliielewa ladha hiyo mapema. Mwaka 1900, Cecil Hepworth wa Uingereza alitengeneza filamu fupi ambamo motokaa inaijia kamera hadi picha inafunikwa, kana kwamba mtazamaji amegongwa. Filamu ya namna hii haiwezi kuuzwa kwa hadhira inayoamini kuwa itagongwa kweli. Inauzwa kwa hadhira inayojua kuwa iko salama, na iliyo tayari kulipa ili itishwe.

Mshamba kama Mhusika

Ikiwa historia haimthibitishi mtazamaji anayekimbia, alitoka wapi? Jibu mojawapo limo katika filamu zenyewe. Mwaka 1901, Mwingereza Robert W. Paul alitengeneza filamu iitwayo The Countryman and the Cinematograph, ambayo leo imebaki kipande tu. Mtu wa shamba yuko mbele ya pazia la sinema. Akimwona mchezaji ngoma, anafurahi na kucheza naye. Akiiona treni, anakimbia. Mwaka uliofuata, Edwin S. Porter aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya Edison nchini Marekani alikirudia kisa hicho katika Uncle Josh at the Moving Picture Show. Mjomba Josh anaruka jukwaani acheze na msichana aliye pichani, anaikimbia treni, kisha anapowaona wapenzi wawili wa shamba anavua koti ili apigane. Analirarua pazia na kujikuta ana kwa ana na mwonyeshaji wa picha aliyekuwa nyuma yake, na ugomvi unaanza.

Kwa istilahi za uhakiki, huyu ni mhusika bapa. Amejengwa kwa sifa moja tu, nayo ni kutoweza kutofautisha picha na kitu chenyewe. Si mgeni katika masimulizi ya dunia. Mshamba aliyeingia mjini na kuyastaajabia ya mjini ni mhusika wa vichekesho mahali pengi, na hadithi za Kiswahili za Abunuwasi nazo zimejaa watu wanaochekwa kwa kukosa werevu wa namna hiyo. Kazi ya mhusika wa aina hii haimhusu yeye mwenyewe, inawahusu wanaomcheka. Anayemcheka Mjomba Josh anajithibitishia kwamba yeye ni mjanja, ni wa mjini, ni mtu wa kisasa.

Hapa ndipo penye kinaya kikubwa. Filamu hizi mbili zingeweza kuchekesha tu iwapo kila aliyeketi ukumbini alijua kwamba treni ya pazia haiumi. Kwa hiyo, zikitumiwa kama ushahidi, zinashuhudia kinyume cha kisasili: zinaonyesha kwamba baada ya miaka mitano au sita tu, hadhira ya sinema ilikuwa na ujuzi wa kutosha kuucheka ujinga huo. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtazamaji anayekimbia alisemwa sana. Hakuwapo ukumbini, lakini hakukawia kuja katika vitabu vya historia.

Mshamba Ahamishiwa Afrika

Mhusika huyu angebaki katika ucheshi, pengine asingestahili makala. Hata hivyo, katika miaka ya 1920 na 1930, maofisa wa himaya ya Waingereza walipoanza kujadili matumizi ya filamu katika elimu ya Waafrika, kiti cha mshamba kilipata mkaaji mpya. Kisa kilichosimuliwa mara kwa mara ni cha wanakijiji walioonyeshwa filamu ya malaria, yenye picha ya mbu aliyekuzwa hadi akalijaza pazia. Husemwa kuwa wanakijiji walijibu kwamba wao hawana shida, maana mbu wa kwao ni wadogo. Kisa hicho kilichukuliwa kuwa uthibitisho kwamba Mwafrika hawezi kuisoma picha.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hana budi kukitilia shaka kisa hiki mara moja. Hakina jina la msemaji wala la kijiji, na kinasimuliwa na upande mmoja tu. Zaidi ya hayo, jibu lenyewe lina umbo la mzaha. Katika jamii ambazo utani una nafasi yake, na ambamo mnyonge humjibu mkubwa kwa kejeli iliyofunikwa, yumkini aliyetamka maneno hayo, kama alikuwapo, alikuwa akimcheka mwonyeshaji. Msikilizaji asiyeijua lugha ya mzaha aliyachukua maneno kama yalivyo.

Ushahidi wa kinyume haukukosekana. Mwaka 1929 mwanabiolojia wa Kiingereza Julian Huxley aliwaonyesha wanafunzi wa Afrika ya Mashariki filamu za mafunzo na kuwataka waandike walichokiona. Matokeo yalimridhisha kwamba walizielewa. Zanzibar, kwa upande wake, ilikuwa na jumba la sinema la Royal tangu mwaka 1921, na hadhira yake haikumsubiri mtaalamu aje kuifundisha kutazama. Hata hivyo, kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko, huku ukichunguza Mwafrika anafaa kuonyeshwa nini na kwa namna gani. Mwaka 1939 kilipoanzishwa kitengo cha filamu cha makoloni, Colonial Film Unit, mkuu wake William Sellers, aliyekuwa afisa wa afya nchini Nigeria, alishikilia kanuni iliyojengwa juu ya dhana ile ile ya mshamba: filamu za Waafrika ziende polepole, zisiruke kutoka mahali hadi mahali, na ziepuke hila za kamera.

Kanuni hiyo ilidai kwamba watu waliolelewa katika ngano ambamo fisi hugeuka mtu, ambamo siku saba na bahari saba hupitwa kwa sentensi moja, wasingeweza kuufuata mruko wa picha. Mtambaji wa ngano huruka wakati na mahali kila jioni, na watoto humfuata bila shida. Hasara iliyotokana na dhana hiyo haikuwa ya heshima tu. Kwa miaka mingi ilizuia hadhira ya Kiafrika isidhaniwe kuwa na uwezo wa kufasiri, na ikawapa wengine mamlaka ya kuamua ipewe sanaa ya kiwango gani.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kisa cha hadhira iliyoikimbia treni kina historia yake kama utungo, tofauti na historia ya tukio linalodaiwa. Kilikuzwa na kichekesho, kikapandishwa cheo kikawa ukweli, kisha kikasafirishwa. Katika kila hatua kilihitaji mtu wa kudharauliwa: kwanza mkulima wa Ulaya na Marekani, hatimaye mwanakijiji wa Afrika. Filamu fupi za mwanzo, ambazo nyingi zimepotea, zinastahili kutazamwa upya kwa sababu zilizobaki zinaiheshimu hadhira yake kuliko vitabu vilivyoandikwa juu yake. Kosa la Mjomba Josh lilikuwa kuuchukua mchezo kuwa jambo la kweli. Wanahistoria waliomchukua Mjomba Josh kuwa shahidi, na maofisa waliouchukua mzaha wa mbu kuwa ripoti, walilitenda kosa hilo hilo, ila wao hawakuchekwa.