Usukani wa Jahazi Katika Ziwa Nyasa

Kiswahili kisikikacho leo katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, kaskazini ya Lilongwe, si kigeni nchini Malawi. Kwani katika karne ya 19 akina Jumbe, watawala wa Nkhotakota wenye asili ya pwani ya Waswahili, walivusha pembe za ndovu na, kwa dhuluma, watumwa, kwa majahazi yaliyoundwa papo hapo ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ambako mmisionari Livingstone mwaka 1863 alikuta moja likiundwa, urefu wake futi 50. Usukani wa jahazi kama hilo ukivunjika, fundi wa jahazi hana budi kuchagua ubao mgumu, kuuchonga kwa tezo hadi ulingane na fashini, yaani nguzo ya nyuma ya jahazi, kuutundika kwa bawaba za chuma, kisha kuutia kana, yaani mpini wa kuugeuzia. Ufundi huo wastahili sifa, ijapokuwa biashara iliyoutumia yastahili laana.