Mita ya Kubana Ipi Itakayoona Stima Inayovuja?

Nyumba nyingi za Mji wa Kale, kuanzia Kibokoni hadi Ndia Kuu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo hunyonya unyevu na chumvi ya bahari, na nyaya zilizopita humo miaka mingi huchakaa. Hapo stima huanza kuvuja kidogo kidogo. Mtu akishika bomba kwa mkono wenye maji, ahisi mtetemo.

Swichi ya usalama ya nyumbani kwa kawaida hutakiwa ikate kabla uvujaji haujapita miliampea 30, yaani ampea 0.03. Zaidi ya hapo, stima ikipita mwilini yaweza kuua. Sasa tazama mita ya kawaida ya ampea 400 au 600. Nyingi husoma kwa hatua ya ampea 0.1, sawa na miliampea 100. Uvujaji wa 30 itauandika sifuri, na fundi aseme pako salama.

Ukinunua, angalia haya:

Hatua. Tafuta mita ya kupimia uvujaji, yenye kipimo cha miliampea na hatua ya 0.01. Kiwango cha kimataifa cha mita hizi ni IEC 61557-13.

Usahihi. Huu si sawa na hatua. Mita ikiandikwa asilimia 1 na tarakimu 5, zile tarakimu pekee kwenye hatua ya ampea 0.1 ni kosa la miliampea 500. Kwenye hatua ya miliampea 0.01, ni 0.05 tu.

Taya. Ziwe pana za kuingiza waya wa moto na wa nyutro pamoja, na zifunge sawasawa. Uchafu au mwanya huharibu kipimo.

Aina ya stima. Nyingi hupima AC pekee. Kwa sola, hakikisha yapima DC.

Usalama. Kwa bodi ya nyumba, iandikwe CAT III 300V au zaidi.

Katika kupima, bana moto na nyutro kwa pamoja. Stima iendayo na irudiyo hufutana, na kinachosomeka ndicho kilichovuja. Kisha zima laini moja moja. Ile ikizimwa namba ikashuka, ndiyo mbovu.

Bodi ifunguliwe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Lakini kabla hajaanza, muulize: mita yako yasoma miliampea?