Kani inaelekea upande gani? Kutoka mshale wa Aristotle hadi kwenye kompyuta

Ukiambiwa chembe inakwenda wapi na kwa kasi gani, je, unaweza kusema inasukumwa upande gani? Wengi hujibu haraka: inasukumwa kule kule inakokwenda. Jibu hilo lina zaidi ya miaka 2,300, na si sahihi. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na wanaotengeneza michezo ya kompyuta hukutana na swali hili mara kwa mara. Basi leo tulifuate kwa njia ya historia.

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle alifundisha kwamba kitu hutembea kwa kuwa kuna kinachokisukuma. Ukiwahi kusukuma mkokoteni wa maji utamwamini: ukiacha tu, unasimama. Shida ilikuwa mshale. Ukishatoka kwenye upinde, nani anausukuma? Aristotle alisema ni hewa. Karne ya 6, John Philoponus wa Alexandria kule Misri alilikataa jibu hilo, akasema upinde huutia mshale nguvu inayobaki nao. Hata yeye, lakini, aliona kwamba mwendo unahitaji nguvu ya kuuendeleza.

Galileo alibadilisha hesabu mwaka 1638. Kitu kilichorushwa, alionyesha, kina mienendo miwili kwa pamoja: wa mlalo usiobadilika, na wa kwenda chini unaoongezeka kila sekunde. Jiwe linapopanda angani, kasi yake inaelekea juu lakini kani inalivuta chini. Yaani mwelekeo wa kasi na mwelekeo wa kani ni vitu viwili tofauti.

Novemba 1679, Robert Hooke alimwandikia Isaac Newton barua. Alipendekeza mwendo wa sayari uchukuliwe kama mchanganyiko: mwendo wa kwenda moja kwa moja, na mvuto wa kuelekea kwenye jua. Agosti 1684 Edmond Halley alimtembelea Newton huko Cambridge na kumuuliza kuhusu njia ya sayari, na kutokana na ziara hiyo kikazaliwa kitabu cha Principia, mwaka 1687. Hakikuzaliwa kwa amani. Hooke alidai atambuliwe, na mwaka 1686 Newton alikasirika hadi akatishia kuiondoa sehemu ya tatu ya kitabu. Halley, ambaye pia alilipia uchapishaji, ndiye aliyetuliza mambo.

Ndani ya kitabu hicho, sheria ya pili inajibu swali letu: kani haionekani kwenye kasi yenyewe, inaonekana kwenye mabadiliko ya kasi. Kwa lugha ya leo, ambayo ni ya vekta zilizoenezwa na Gibbs na Heaviside kuanzia miaka ya 1880, hesabu ni hii:

badiliko = kasi2 - kasi1
mchapuko = badiliko / muda
kani = tungamo * mchapuko

Sehemu ya kani iliyo sambamba na kasi huongeza au hupunguza mwendo. Sehemu iliyo pembeni, kwa pembe ya digrii 90, hukunja njia tu. Kama kasi haibadiliki kabisa, jumla ya kani ni sifuri, hata chembe ikiwa inakwenda kilomita 1,000 kwa sekunde.

Mfano wa karibu na nyumbani: tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina hilo kwa sababu ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, na ilikuwa setilaiti ya kwanza mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Ilizunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 540, kwa kasi ya karibu mita 7,590 kwa sekunde. Kila sekunde vekta yake ya kasi ilibadilika kwa takriban mita 8.3 kwa sekunde, na badiliko hilo lilielekea kwenye kitovu cha dunia. Setilaiti ilikwenda mashariki, kani ikaelekea chini, kama nyutoni 8.3 kwa kila kilo.

Mwaka 1846 William Rowan Hamilton wa Dublin aliuchora ukweli huu. Chukua vekta za kasi za sayari, ziweke mikia yote kwenye nukta moja, kisha unganisha ncha. Mchoro huo aliuita hodografu. Mwelekeo ambao ncha inasogea ndio mwelekeo wa kani. Na ingawa sayari hupita njia ya duaradufu, hodografu yake ni duara kamili!

Sasa turudi kwa Newton, kwa maana kuna jambo linalotuhusu waandishi wa programu. Katika pendekezo la kwanza la Principia, anaisogeza sayari hatua kwa hatua: inakwenda moja kwa moja kwa muda mfupi, inapigwa kikumbo kuelekea kwenye jua, kisha inaendelea kwa kasi mpya. Hiyo ni luupu. Mwaka 1967 Loup Verlet alitumia hatua hizo hizo, zikiwa katika sura nyingine kidogo, kuiga kwenye kompyuta mwendo wa chembe 864.

Mpangilio wa mistari ni muhimu:

kasi = kasi + mchapuko * muda
mahali = mahali + kasi * muda

Ukisogeza mahali kwanza kwa kasi ya zamani, huku mchapuko ukiwa wa pale ulipokuwa, sayari yako itazidi kujitenga na jua kila mzunguko. Ukifuata mpangilio wa Newton, mstari kutoka kwenye jua hadi kwenye sayari hupita eneo sawa katika kila hatua, hata hatua ziwe kubwa. Newton alilithibitisha hilo kwa pembetatu tupu. Jaribu zote mbili kwa lugha yoyote unayoipenda, uchore njia, ulinganishe.