Ogu, Nje ya Safina

Mei 2020 mto Nzoia ulivunja kingo zake huku Budalang'i, watu wakahamia juu ya tuta na kuku na magodoro yao. Mimi nilikuwa nishaacha chuo, niko tu nyumbani, nasoma Mwanzo. Ndani ya safina watu wanane. Na walio nje?

Marabi walishauliza hilo kitambo. Kumbukumbu la Torati 3:11 inamtaja Ogu wa Bashani, mwenye kitanda cha chuma, kama mtu wa mwisho wa Warefai, yale majitu ya kale. Sasa, kama gharika ilimaliza wote, huyu alipitia wapi? Pirke de-Rabbi Eliezer, kitabu cha karne ya 8 hivi, kinajibu: alikalia ubao nje ya safina, akamwapia Nuhu na wanawe kuwa mtumwa wao milele. Nuhu akatoboa tundu, akawa anampitishia chakula kila siku.

Yaani sahani ya chakula kwa utumwa wa milele. Hapo ndipo mimi hukwama, maana kwetu pia unga wa msaada huja na mtu anayetaka kura.

Nilimsimulia nyanya mmoja pale kwenye tuta. Akanyamaza, akakoroga uji wake.

"Na watoto wa huyo Ogu, mjukuu wangu, walikalia wapi?"

Sikuwa na jibu.