Tangazo la Matuta ya Mlalo

Katika Kiswahili neno tangazo hubeba mizigo miwili: wito wa mwenye bidhaa ambembelezaye mnunuzi, na amri ya mwenye dola amwagizaye raia. Mnunuzi aweza kupita asitazame. Raia hana njia hiyo. Historia ya Mlalo, katika milima ya Usambara iliyo nyuma ya Tanga, yaonyesha yatokeayo mizigo hiyo inapofungwa pamoja.

Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianzisha huko mpango wa kuirudishia ardhi afya yake. Mvua ilikuwa ikiuchukua udongo wa miteremko, na wakulima waliagizwa wachimbe matuta ya kuukinga. Mpango ulinadiwa kama dawa, kisha ukaenezwa Usambara nzima. Lakini aliyenadi ndiye aliyehukumu: asiyechimba alitozwa faini au alifungwa.

Wakulima nao walikuwa na lugha yao. Kwa Kishambaa, kuzifya shi ni kuiponya nchi. Kubana shi ni kuiharibu. Tangu enzi za kina Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, mfalme wa Vugha alipimwa kwa mizani hiyo: mvua na shibe zilikuwa ushahidi wa kuponya, njaa ushahidi wa kuharibu. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wakulima wenye fikra wa Usambara, ameeleza jinsi mizani hiyo ilivyotumika katika siasa za milima hiyo hadi zama za mkoloni. Serikali ilisema matuta yaponya. Wakulima, hasa wanawake walioshika jembe, waliona kazi isiyokwisha, na wengi walihofu kwamba shamba likishatengenezwa litatwaliwa.

Hatari ya mmomonyoko ilikuwa ya kweli, na hoja ya serikali ilistahili kusikilizwa. Ila yalikuwa malumbano ambayo mshairi mmoja apewa baraza, wa pili azibwa kinywa. Katika Tanganyika ya miaka hiyo maneno yalikuwa na bei. Mwaka 1957 Julius Nyerere alipigwa marufuku kuhutubia hadhara. Mwaka 1958 alitozwa faini ya shilingi 3,000 kwa makala ya Sauti ya TANU iliyowalaumu maofisa wa wilaya.

Wakulima wa Usambara walijibu kwa kugoma, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru wa 1961. Dawa iliyonadiwa kwa faini ilikosa wateja, hata pale ilipokuwa na manufaa.

Leo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yamkataza mfanyabiashara wa Tanzania kumpotosha mnunuzi. Ni haki. Mwenye duka adanganyaye ana wa kumshtaki. Mlalo, mwenye kutangaza na mwenye kudhibiti walikuwa mmoja, na mkulima hakuwa na pa kupeleka shauri lake ila shambani, kwa kuliweka jembe chini.