Namba ya Noti Kuukuu

Wasomaji wetu wa Masisi na Walikale wanazijua vema noti kuukuu: laini kama kitambaa, nyeusi kwa jasho, zimeungwa kwa gundi. Mwenye duka hodari hutazama namba kwanza. Namba hiyo huchapwa mara mbili, na noti ikipasuka twaweza kujua kama vipande vyote ni vya noti moja. Zikitofautiana, basi mtu ameunga nusu za noti mbili. Wengine huita ufundi huo. Sisi twauita wizi.

Lakini namba haikuokoa noti sikuzote. Siku ya Noeli ya 1979 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 zimekwisha thamani. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadili, tena kwa kiasi kilichopimwa. Mtu wa msitu wa Walikale angefikaje benki kwa miguu? Noti njema na mbovu zilikufa pamoja.

Mwaka 1993 ulikuwa mgumu zaidi. Waziri mkuu Tshisekedi aliikataza noti ya zaire milioni 5, wachuuzi wakaikataa, na askari waliolipwa nayo wakafanya ghasia Kinshasa mwezi wa Januari. Mwezi wa Machi mauaji yalianza sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi, maelfu wakakimbia. Oktoba ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Mfikirieni mkimbizi aliyebeba furushi la noti mgongoni, akihesabu sifuri! Watu wa Kasai waliikataa hiyo mpya, wakaendelea na zile za zamani, nazo zikazidi kuchakaa. Tarehe 30 Juni 1998 faranga ikarudi, moja kwa zaire mpya 100,000.

Mwezi wa Januari 2025 M23 waliiteka Goma, na benki zikafunga milango. Noti mpya hazikuja. Zile zile zikazunguka mikononi mpaka zikararuka. Dola nayo ina mambo yake: Marekani benki huipokea iliyoharibika, mradi zaidi ya nusu yake ipo, lakini kwetu mpasuko mdogo tu huikataza. Tumemwona mama muuza maharagwe akiinua dola juani, akisoma mwaka wake, kisha akairudisha. Akapokea faranga iliyoungwa vipande vitatu, maana namba zake mbili zilikuwa moja.